Kijerumani Kianze Hapahapa Kyela

Mjukuu wangu, maneno haya nimewaambia wengi waliotoka Ipyana kwenda kusoma ng'ambo, na nimechoka. Nawe nitakuambia.

Unasema barua ya chuo cha Ujerumani inaeleza kwamba shahada yako ya uzamili itafundishwa kwa Kiingereza, basi Kijerumani utakiokota hukohuko. Mwanangu, barua hiyo inazungumzia darasa tu.

Sheria yao haikufungii mlango. Mwanafunzi wa kutoka kwetu anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, na mafunzo kwa vitendo yaliyo sehemu ya lazima ya masomo hayahesabiwi humo. Ukihitimu, unaweza kupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi. Vijana husoma sheria mpaka hapo wakafurahi. Lakini kibali hakiajiri mtu. Wewe umesomea uhandisi wa maji, na kazi za maji kule ziko kwenye mashirika ya miji: ramani, fomu, kikao cha asubuhi, onyo la fundi kuhusu pampu, vyote kwa Kijerumani. Nani atakukabidhi pampu hiyo kama onyo lenyewe hulielewi? Yapo makampuni ya kompyuta, hasa Berlin, yanayotumia Kiingereza, nakubali. Waombaji wa dunia nzima nao wanayajua.

Asiye na lugha hubaki na kuosha vyombo, kupanga mizigo ghalani usiku, kupeleka chakula kwa baiskeli. Ni kazi za halali, sizidharau. Kinachoniuma ni muda. Kijana amekopa fedha za kuonyesha ubalozini, akifika anakimbilia zamu ili alipe deni, akitoka zamu analala, na darasa la lugha linaahirishwa muhula baada ya muhula. Miaka miwili inakwisha, ana cheti kizuri, na hakuna ofisi iliyompokea hata kwa mafunzo.

Tazama hapa kwetu. Muuguzi akihamishiwa Kyela kutoka Mtwara, Kiswahili chake safi, bado kuna bibi wodini ambaye hawezi kumweleza maumivu yake mpaka atafutwe mtu wa kufasiri Kinyakyusa. Na wale Wamoraviani waliofungua misheni hapa Ipyana mwaka 1894 walijifunza Kinyakyusa. Walikuwa na serikali ya kikoloni nyuma yao, na bado walijifunza. Wewe unakwenda peke yako.

Kwa hiyo usingoje ndege. Goethe-Institut ipo Upanga, Dar es Salaam. Anza ngazi ya kwanza, A1, sasa, uondoke ukiwa na A2 walau. Ukifika, lenga B1 mwaka wa kwanza, na B2 kabla hujaanza kubisha hodi kwenye ofisi za wahandisi. Watanzania wenzako utawahitaji siku ya msiba na siku ya baridi kali, usiwakimbie, ila jikoni bwenini kaa na wenyeji. Wakikujibu kwa Kiingereza kwa kukuonea huruma, wewe endelea na Kijerumani chako kibovu. Najua kinachosha kusikika kama mtoto mdogo ukiwa na shahada. Vumilia.

Mama yako ana wasiwasi na ada ya kozi. Mwambie atulie. Kokoa yangu iko ghalani inasubiri mnada, na fedha yake ikitoka ni ya A1 na A2. Kesho mpigie shangazi yako wa Dar akuulizie darasa linaanza lini.