Mnara wa Siloamu na Mji wa Galveston
(Somo: Luka 13:1-5)



Watu walipomletea Bwana Yesu habari za Wagalilaya waliouawa, yeye aliwakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kabisa kuwahesabu kuwa wakosaji kupita wenzao. Neno hilo na tulishike tusikiapo habari za Galveston, mji wa jimbo la Texas katika Marekani.

Mji huo ulijengwa juu ya kisiwa cha mchanga, na mahali palipoinuka kuliko pote hapakufikia futi 9 juu ya bahari. Watu wake walipata 38,000, wenye biashara na bandari njema. Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Septemba 1900, tufani ikaja kutoka baharini, na maji yakapanda zaidi ya futi 15. Nyumba zaidi ya 3,600 zikabomoka, wakafa watu wasiopungua 6,000. Wengi husema 8,000. Katika nyumba ya yatima iliyokuwa ufuoni, masista 10 walijifunga watoto viunoni kwa kamba za kuanikia nguo, ili mawimbi yasiwatenganishe. Wakafa masista wote, na watoto 90 pamoja nao. Wakaokoka wavulana watatu tu. Ni nani athubutuye kuuliza habari za dhambi ya watoto wale? Akiwapo, Bwana amekwisha kumjibu.

Lakini Bwana hakuishia hapo, bali aliwageukia waulizaji wenyewe, akawataka watubu. Basi tutazame jambo hili. Wataalamu wa Cuba walikuwa hodari wa kuzijua tufani, nao waliona kwamba hii yaelekea Texas. Wakuu wa idara ya hali ya hewa ya Marekani wakawadharau, hata wakapata amri ya kuzuia simu zao za habari za hewa, maana siku zile Cuba ilikuwa chini ya mamlaka ya Marekani. Wao walidhani tufani itageukia kaskazini kupitia Florida. Naye Isaac Cline, msimamizi wa idara hiyo huko Galveston, alikuwa ameandika gazetini mwaka 1891 kwamba kuhofu tufani kuuharibu mji ni upuzi mtupu. Usiku ule watu wapatao 50 walikimbilia nyumbani mwake. Nyumba ikabomoka, na mkewe akafa maji.

Simtaji ili tumhukumu. Tungekuwa tumekwisha kuusahau Siloamu. Namtaja kwa kuwa kiburi hicho twakijua. Sisi nasi husikia onyo, kisha twauliza kwanza limetoka kwa nani: mzee wa kanisa hapokei la kijana, mume hapokei la mkewe.

Waliosalia Galveston walitubu kwa mikono yao. Mwaka 1902 walianza kujenga ukuta wa futi 17 mbele ya bahari. Kisha wakayainua majengo yao kwa jeki, zaidi ya 2,000, wakajaza chini yake mchanga uliovutwa kwa mabomba, na kwa miaka mingi wakapita juu ya njia za mbao. Hata kanisa la Mtakatifu Patrisi, lenye uzito wa tani 3,000, likainuliwa futi 5. Mwezi wa Agosti 1915 tufani kuu ikaja tena. Bahari ikaupiga ukuta, na waliokufa ndani ya mji walikuwa wachache.