Siku ya Tatu

Nyumba yangu hapa Kibamba haiko mbali na Barabara ya Morogoro, na ifikapo katikati ya Desemba sihitaji kalenda. Alfajiri mabasi yaliyotoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi huanza kupita kuelekea bara, na katikati yake magari madogo yenye magodoro na ndoo zilizofungwa juu, yote yakikimbia kana kwamba huko yaendako kuna moto wa kuzimwa. Baada ya Mwaka Mpya huyaona yakirudi kwa haraka ile ile. Nimezoea kuwauliza majirani zangu waliotoka likizo, "Mmepumzika?" Jibu huwa karibu moja: "Ah, Mwalimu, tumechoka!"

Inakuwaje mtu aende kupumzika arudi amechoka? Nakiri kwamba nililianza swali hili kama wazee wengi tunavyofanya, kwa kuwalaumu vijana. Nikazilaumu simu, nikayalaumu magari. Lakini lawama hizo hazikunitosheleza, maana safari iliyonifumbua macho mimi mwenyewe nilikuwamo ndani ya gari, tena nimekaa kiti cha mbele.

Nilipokuwa ninafundisha, serikali ilitulipia nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili. Tulipewa waranti, tukapanda treni ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912. Sitaki kuisifu mno treni ile. Maji yaliisha bombani kabla ya Morogoro, watoto walilia usiku kucha, na ukisinzia stesheni mbaya unaamka huna sanduku. Hata hivyo ilikuwa na mambo yake. Saranda ulinunua kuku dirishani, Itigi ulinunua asali, na hadi mnafika Tabora mmeshajua habari za abiria wote wa behewa lenu, nani anakwenda kuoa na nani anakwenda kuzika. Kisha tukatafuta lori la kutufikisha nyumbani Sikonge. Na kwa kuwa hatukutegemea kurudi kabla ya miaka miwili kupita, tulikaa. Wiki nne, pengine zaidi. Tulikaa mpaka mbwa wa nyumbani wakaacha kutubwekea.

Sasa nirudi kwenye safari ninayoisema. Desemba 2023 mwanangu wa pili alitukusanya, mimi, mkewe na wajukuu wanne, tukapanda gari lake kwenda kumsalimia dada yangu Sikonge. Dada amenipita miaka sita. Tangu mama yetu afariki, yeye ndiye aliyebaki kwenye kiwanja na shamba la wazee. Tulisafiri zaidi ya kilomita 800 na kufika usiku wa manane tumekakamaa kama kuni. Dada alikuwa bado yuko macho, ameketi karibu na taa, ugali umefunikwa.

Siku ya pili ilikuwa ya ratiba. Wajukuu walitaka kuona Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone, nami kwa ualimu wangu nililiunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Tukaendesha zaidi ya saa moja. Nikaanza kuwaeleza kwamba mwaka 1872 mzee yule, mgonjwa na mchovu, alikaa hapo kuanzia Februari hadi Agosti akisubiri wapagazi na vifaa. Sikufika mbali. Walipiga picha mlangoni, wakapiga uani, wakazituma kwa rafiki zao Dar es Salaam, kisha mmoja akauliza tunaondoka saa ngapi. Nilipotazama saa, tulikuwa tumekaa robo saa katika nyumba ambayo msafiri mwenzetu aliisubiria safari yake miezi sita. Nilicheka peke yangu. Sikujua kwamba nyumbani nami nilikuwa ninasubiriwa.

Jioni dada alinivuta kando. "Mdogo wangu, kuna jambo nataka tukalione pamoja kule shambani. Kesho, jua likipoa." Nikamjibu, "Dada, kesho alfajiri tunaondoka. Watoto wamepanga kulala Dodoma." Akasema, "Basi, hamna neno," akaingia jikoni kutufungia karanga.

Ndugu msomaji, nimekuwa mwalimu, na mwalimu mkuu, kwa miaka mingi, na "hamna neno" ya mtu mwenye neno naitambua hata akiwa amenipa kisogo. Niliitambua. Na bado alfajiri nilipanda gari.

Tangu siku ile methali moja imekuwa ikinisumbua. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeifundisha kwa vizazi na vizazi vya wanafunzi, na maelezo yangu ubaoni yalikuwa yale yale: tusiwe wageni wavivu, tusiwachoshe wenyeji. Leo nadhani niliifundisha nusu. Nililitazama jembe kwa jicho la mgeni anayefukuzwa, sikulitazama kwa jicho la mwenyeji anayelitoa. Mgeni hapewi jembe. Anayepewa jembe ni mtu wa nyumbani. Siku mbili za kwanza unachinjiwa kuku, unapewa kitanda kizuri, na unaelezwa habari njema tu. Siku ya tatu ndipo unapoambiwa paa linavuja, mtoto wa fulani anakunywa, na jirani amesogeza mpaka. Sisi tunaondoka siku ya pili, tena tukijisifu kwamba hatukuwasumbua wenyeji.

Mwanangu nilipomweleza haya hakukubali yote, na hoja zake zilikuwa na uzito. Yeye ameajiriwa na watu binafsi, likizo yake ni siku za kuhesabu, na mafuta ya gari hayatolewi kwa waranti. "Baba," alisema, "ninyi mlikaa mwezi kwa sababu serikali iliwalipia. Sisi tukikaa siku mbili tumejinyima." Ni kweli. Nami siwezi kudai kwamba uzee wangu ni wema. Lakini nilimuuliza swali moja ambalo hakulijibu, wala mimi sikuwa na jibu lake kamili. Ukimfungia mtu safari kutwa nzima ili umwone, kisha ukamnyima saa moja anayokuomba, je, umekwenda kumwona yeye, au umekwenda ili uweze kusema umekwenda?

Januari 2025 nilirudi peke yangu. Nilipanda treni mpya ya umeme, nikafika Dodoma kwa chini ya saa nne, nikalala, kesho yake nikaendelea kwa basi. Nasema hili makusudi, asije mtu akadhani ninaulilia mwendo wa konokono. Treni ile ni jambo jema, ilinifikisha kwa dada yangu miguu ikiwa haijavimba.

Siku mbili alinitunza kama askofu. Siku ya tatu asubuhi nilipofungua mlango nilikuta jembe limeegemezwa ukutani, mpini wake umeoshwa. Hakusema kitu, wala mimi. Tulipalilia karanga mpaka viganja vyangu vya chaki vikatoka malengelenge, naye akanicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wetu.

Jua lilipopoa tulikwenda mwisho wa shamba. Akanionyesha mti wa mwembe na jiwe lililozama nusu ardhini. Hapo ndipo mama alipomwonyesha mpaka, na hakuna mwingine aliye hai anayeujua. Hatua chache ndani ya mpaka huo, chini ya kichaka, kuna kaburi dogo la kaka yetu aliyefariki kabla sijazaliwa. Sikuwahi kujua kwamba alikuwapo. "Nilikuwa naogopa nitakufa na hili kifuani," alisema. Tuliweka mawe kulizunguka mpaka giza likaingia.

Mwanangu amesema likizo ijayo watakaa siku nne. Ameniletea ratiba niipitie, nami siku ya tatu nimeipiga mstari na kuiacha tupu. Nimempigia dada simu kumweleza. Ameniuliza wajukuu wakubwa ni wangapi, ili ajue majembe ya kununua.