Kufuatana na Wazazi Pasipo Imani

Mtu asiyeamini, akifuatana na wazee wake katika ziara ya dini yao, je, ni mnafiki?

Tutwae mfano wa Tirumala, katika jimbo la Andhra Pradesh, India. Wahindu hupanda mlima ule pamoja na jamaa zao, wengine kwa miguu, vidato zaidi ya 3,500. Na wengi, wanaume kwa wanawake, hunyoa vichwa kwa nadhiri. Kijana asiyeamini hata moja katika hayo hupanda kwa uzito, kwa kuwa mamake amemtaka.

Akimshika mama mkono na kumchukulia mzigo, hakusema uongo, ametenda wema. Lakini akinyoa kichwa ili adhaniwe ana nadhiri, hapo amedanganya, na wa kwanza aliyemdanganya ni mamake.

Nasi tumeamrishwa katika Sura ya Luqman tusiwatii wazazi wakitukalifisha kumshirikisha Mungu, na pamoja na hayo tukae nao kwa wema. Basi kijana na aseme kweli yake kwa upole, kisha auchukue mzigo. Na mzazi naye ajiulize: ataka mwana aje, au ataka aamini? La kwanza huombwa. La pili halilazimishwi.