Sauti Safi na Mkono wa Mpigaji

Je, chombo kinachoiga chombo kingine husema kweli au husema uongo? Swali hili ni la wanafalsafa, lakini siku hizi limeingia hata chumbani mwa kijana anayejifunza gitaa.

Tangu mwaka 1998, kampuni ya Line 6 ya Marekani ilipotoa kifaa kidogo kiitwacho POD, vyombo vya dijitali vya kuigia amplifaya vimeenea duniani. Ndani yake hamna vali; mna hesabu tu, zinazofuatisha tabia ya amplifaya mashuhuri, kama Fender Twin Reverb ya Marekani, au Roland JC-120 ya Japani iliyotolewa mwaka 1975. Zote mbili husifika kwa usafi wa sauti. Mzigo uliowatoa watu jasho sasa hutiwa mkobani.

Wapo wasemao kwamba kuiga huku ni ulaghai. Sisi hatukubaliani nao. Mwanafunzi huiga mwandiko wa mwalimu wake, na mshairi hufuata bahari za waliomtangulia, wala hatuwaiti walaghai. Ulaghai huanza pale mtu anapotaka tuamini kwamba kifaa kimemfanya fundi.

Hapo ndipo sauti safi inapokuwa hakimu. Sauti ya mkwaruzo husitiri mengi, kwani kosa la kidole humezwa na mngurumo. Sauti safi haisitiri kitu. Anayeitafuta hana budi kupunguza nguvu inayoingia, ili ile vali ya kuigwa isilemewe. Achague mfano wa sanduku la spika unaofaa, apunguze ukali wa sauti za juu, na mwangwi autie kwa kiasi. Kisha asikilize pamoja na besi na ngoma, maana sauti ipendezayo chumbani pengine hupotea katikati ya bendi. Akishayatimiza hayo, kinachobaki ni vidole vyake.

Wazee wetu wa muziki wa dansi walilifahamu jambo hili. Katika nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, gitaa la solo husikika wazi, kila noti imesimama mahali pake, na magitaa mengine huliitikia bila kulifunika. Usafi ule ulikuwa pia adabu: kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi.

Basi tuzingatie. Mipangilio tunayoikuta ndani ya vifaa hivi iliwekwa na wengine, kwa masikio yao. Tukiipokea bila kuipima, vidole vitakuwa vyetu na masikio yatakuwa ya kuazima. Tukiipima kwa masikio yaliyolelewa na muziki wetu, kifaa kitakuwa mtumishi wetu.

Jibu letu, kwa hiyo, ni hili: chombo hakisemi kweli wala uongo, asemaye ni mpigaji. Na sauti ikiharibika, asikilaumu chombo kabla ya kuutazama mkono wake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.