Panya wa Mbulu na Ahadi ya Mataifa

Mkulima wa milima ya Mbulu akikuta panya wamejifia chini ya kihenge chake cha mahindi, hahitaji kitabu kumfundisha hofu. Tauni imekwisha kuipiga wilaya yake, na mlipuko wa mwaka 2007 haujasahauliwa. Kijidudu cha maradhi hayo hukaa baina ya panya na viroboto wao. Chaweza kunyamaza miaka mingi, kisha kikaamka siku ambayo hakuna aliyeitazamia. Hakikutengenezwa na mtu, wala hakina nia njema au mbaya juu ya mtu.

Lakini kijidudu hicho hicho kiliwahi kutiwa nia. Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za Japani ziliumwagia mji wa Ningbo, katika China, nafaka pamoja na viroboto wenye tauni, na watu zaidi ya 100 wakafa. Baadaye Urusi ya Kisovieti, mojawapo ya mataifa matatu yaliyokabidhiwa kutunza hati za Mkataba wa mwaka 1972 wa kupiga marufuku silaha za vijidudu na za sumu, iliendelea kwa siri kuigeuza tauni kuwa silaha. Mlinzi wa mlango ndiye aliyekuwa akiiba.

Basi silaha ni nini? Bunduki ni bunduki hata ikiwa imetundikwa ukutani. Kijidudu si hivyo. Mkataba wenyewe uliliona jambo hili, kwa hiyo haukuandika orodha ya vitu vilivyo haramu. Ulikataza kila kijidudu na kila sumu inayowekwa kwa namna au kwa kiasi kisichoelezeka kwa kinga, kwa tiba, au kwa kazi nyingine ya amani. Mhadzabe wa bonde la Yaeda apakaye mshale wake sumu ya mmea ili apate nyama havunji ahadi ya taifa lolote, ingawa sumu ni sumu. Kilichoharamishwa ni kusudi. Na kusudi limo moyoni, mahali ambapo mkaguzi hafiki. Mataifa yalijaribu kuunda chombo cha ukaguzi, na mazungumzo hayo yakavunjika mwaka 2001 Marekani ilipoukataa mswada wake. Hata leo Mkataba huo hauna mkaguzi.

Asiyeweza kuona moyo wa jirani yake hutazama mwenendo wake. Katika Zimbabwe, baina ya mwaka 1978 na 1980, vita vilipokuwa vikali, kimeta kiliwapata watu zaidi ya 10,000, wengi wao wakulima na wafugaji wa vijijini. Wako wasemao kwamba kilienezwa makusudi; wako wasemao kwamba chanjo za ng'ombe zilikoma kwa sababu ya vita, maradhi yakapata njia. Ubishi haujaisha. Haukuisha kwa kuwa vita vilikuwa vimekata habari za kila siku za mifugo ambazo zingeweza kulinganishwa. Mtu asiyejua maradhi yake ya kawaida hawezi kuyatambua yasiyo ya kawaida. Hawezi kumshitaki mwenye hatia, wala hawezi kumtetea asiye na hatia.

Ndiyo maana naona mfugaji wa Kibarbaig wilayani Hanang, akisimama mbele ya ng'ombe aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikimtoka puani, ni mlinzi wa Mkataba kuliko balozi wengi walioko Geneva. Taarifa yake ikifika Katesh, kisha Dodoma, kisha kwa majirani, imejengwa sehemu ya ukuta. Mwaka 1986 mataifa yalipatana kupelekeana habari kila mwaka, zikiwamo za milipuko isiyo ya kawaida. Mengi hayapeleki. Sisi wenyewe tulitia sahihi Mkataba mwezi wa Agosti 1972, tukauridhia Agosti 2019: miaka 47! Kenya ilikuwa imekwisha kuingia mwaka 1976. Sidhani tulikuwa na jambo la kuficha. Nadhani tulidhani ni shauri la wakubwa.

Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii ni ya kweli, lakini haimtendei haki mfichaji, kwa maana haiulizi kwa nini alificha. Mfugaji anayetoa habari huzuiwa kuuza, soko lake la mnada hufungwa, na mzoga ambao ungelisha nyumba yake huzikwa. Anayenyamaza hula nyama, na pengine hafi. Mataifa nayo huogopa hivyo hivyo. Januari 2025, Shirika la Afya Duniani liliposema kwamba homa ya Marburg inashukiwa katika Kagera, mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, kwanza tulijibu kuwa vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Siku chache baadaye Rais akatangaza kuwa upo. Siku zile chache si nyingi, lakini jirani huzihesabu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haikukaa bure. Mwezi wa Juni 2019 ilifanya mazoezi pale Namanga, Kenya na Tanzania zikijizoeza pamoja kupambana na mlipuko uliobuniwa wa homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2020 ikazigawia nchi zake maabara tembezi tisa. Mambo haya ni mema. Lakini maabara hupima damu iliyoletwa. Haimpi mtu sababu ya kuileta.

Kwa hiyo nashikilia kwamba fidia ya ng'ombe yule wa Hanang ni deni la Jumuiya nzima, wala si la wilaya wala la Tanzania peke yake, kwa kuwa salama inayonunuliwa kwa hasara ya mfugaji huyo ni ya Nairobi na Kigali pia. Wanafunzi wangu hunipinga: watu, wanasema, wataleta mizoga ya ng'ombe waliokufa kwa njaa ili walipwe. Wataleta, sina shaka. Nayo kila mizoga hiyo ikipimwa ikaonekana haina kimeta, tutakuwa tumejua jambo juu ya Hanang ambalo watu wa Zimbabwe hawakuweza kulijua.