Kiasi cha Sauti Nyumbani

Mtu akinunua chombo cha muziki chenye spika mbili na kukiweka sebuleni, swali la kwanza ni hili: aifungue sauti mpaka wapi? Wengi hujibu upesi, "Mpaka pale nipendapo." Wengine hujibu, "Mpaka pale chombo kiwezapo." Sisi twaona ya kuwa majibu yote mawili yameusahau muziki wenyewe.

Na tutazame mfano wa hapa Ugogo. Ilimba ni chombo chenye vipande vya chuma, nacho hupigwa kwa vidole gumba, mpigaji amekipakata. Sauti yake ni ya kiasi, yawafaa watu walioketi karibu. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma, aliyefariki mwaka 2003, aliisikilizisha ilimba katika nchi nyingi, na albamu yake "Chibite" ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Mtu akiipiga albamu hiyo hata madirisha yakatetemeka, asidhani kwamba amemsikia Zawose vizuri zaidi. Amesikia ilimba kubwa kama nyumba, ambayo hapana fundi aliyepata kuichonga.

Wala kuipunguza mno si uaminifu. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wataalamu wa Marekani, walionyesha ya kuwa sauti zote zikipunguzwa sawasawa, sikio huzipoteza zile nzito upesi kuliko za kati. Basi apunguzaye kupita kiasi husikia wimbo uliokatwa miguu.

Kipimo ni nini, basi? Kila mtu anacho: ni sauti ya binadamu. Twajua jinsi mtu anavyosikika aimbapo hatua tatu mbele yetu. Tufumbe macho, tufungue sauti polepole, mpaka mwimbaji awe kama ameketi pale, si jitu, wala si mtu aitaye toka ng'ambo ya bonde. Hapo tukome.

Lakini pana shida ya kweli. Ngoma za muheme, wazipigazo wanawake wa Kigogo, ni za uwanjani. Kuvuma ndiyo tabia yake. Tukizipa kiasi chake cha kweli chumbani, jirani aliyetengwa nasi kwa ukuta mmoja hulazimishwa kusikiliza asichokichagua. Pengine anauguza mgonjwa. Je, tuwe waaminifu kwa ngoma au kwa jirani? Mtu aweza kusema kwamba ngoma ya uwanjani nayo humfikia jirani. Ni kweli, lakini ile ina siku yake, kijiji kizima huijua, na jirani amealikwa. Ya sebuleni haina siku wala mwaliko. Kwa hiyo twajibu: jirani kwanza. Ngoma iliyopunguzwa haikudhulumiwa, maana uwanja upo, na siku ya sherehe twaweza kuifuata huko. Bali usingizi wa mgonjwa uliovunjwa haurudishwi.

Tena tuyahurumie masikio yetu. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika kanuni yake juu ya vyombo vya kusikilizia muziki, liliweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Na kila zikiongezeka desibeli 3, muda hupunguzwa nusu.

Wahenga walinena, ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Walinena juu ya ngoma. Nasi yatupasa kukumbuka ya kuwa sikio nalo lina ngozi yake, na subira ya jirani vilevile.