Kitabu cha Mafungo na Mlango wa Dhamiri

Kisiwani Pemba Wakristo ni wachache, na Wakatoliki ni wachache zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu zaidi ya laki tano, na karibu wote ni Waislamu. Waamini wetu wengi ni watu waliotoka Bara: walimu, askari, wauguzi, mafundi, na wengine waliofuata karafuu wakakaa. Hao wote wanajuana. Yule apigaye magoti kando yako siku ya Jumapili, Jumatatu ndiye mkubwa wako kazini, au mwenye nyumba unayopanga, au mwalimu wa mtoto wako. Neno likinenwa Wete asubuhi, halikawii kufika Chake Chake, na jioni limekwisha kuvuka Mkoani.

Twataja jambo hili kwa sababu ya mafungo. Zamani mafungo yalikuwa kazi ya padre, naye alihubiri kadiri Mungu alivyomjalia. Siku hizi yako mafungo yaliyotungwa mbali, ya watu wa ndoa, ya vijana, ya waliofiwa, ya wenye majeraha ya moyo. Huja na kitabu cha mwongozo, na kibali cha watungaji, na cheti cha waliofundishwa kukitumia. Na mara nyingi mwenye cheti ni mlei. Sisi twafurahi. Lakini linazuka swali ambalo si dogo: je, mwongozaji amefungwa na kila neno la kitabu, au ana hiari ya kupunguza na kuongeza kadiri aonavyo?

Wako wasemao kwamba kilichoandikwa kifuatwe hata nukta, kwa maana ndicho alichokiahidi mtu alipopokea cheti. Wako wengine wasemao kwamba kitabu cha wageni hakijui watu wetu, basi afadhali kila mmoja akipindue apendavyo. Twaona kwamba wote wawili wameruka swali lililopaswa kutangulia, yaani kanuni hii imewekwa kumlinda nani.

Tutoe mfano mmoja. Mafungo ya watu wa ndoa yaliyoanzishwa na Padre Gabriel Calvo huko Barcelona, Hispania, mwaka 1962, sasa yameenea katika nchi nyingi. Ndani yake wanaosema mbele ya watu ni waongozaji tu, yaani mume na mke waliofundishwa, pamoja na padre. Wengine husikiliza, kisha kila mume na mkewe hujitenga, huandikiana, na kuzungumza wao kwa wao. Hakuna aambiwaye asimame atoe habari za nyumba yake. Sasa tuseme mafungo hayo yanafanyika Pemba, vyumba havitoshi, na mwongozaji mwenye moyo mwema anasema: sisi Waafrika tumezoea baraza, tukae mduara, kila mmoja aeleze. Anadhani amelipa jambo hilo sura ya nyumbani. Kwa kweli ameng'oa mlango. Huyo bibi aliyelia kwenye mduara kwa sababu ya ulevi wa mumewe atafundisha shule gani siku ya Jumatatu, naye mkuu wa shule alikuwa ameketi mbele yake? Kama vyumba hapana, iko miembe. Kila wawili na mti wao. Hapo kanuni ya kigeni ililijua jambo la Pemba kuliko mwenyeji alivyolijua.

Wala tusidhani kwamba taabu hii ni mpya. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alianza kuwaongoza watu katika mazoezi yake ya kiroho akiwa bado mlei, hana shahada wala daraja takatifu. Mwaka 1527 alitiwa kifungoni mara mbili katika Hispania, kwanza Alcalá na halafu Salamanca, ili kuulizwa amepata wapi ruhusa. Waamuzi wa Salamanca hawakuona kosa katika mafundisho yake, ila walimkataza kuamua lipi ni dhambi ya mauti na lipi ni dhambi nyepesi mpaka asome miaka minne zaidi. Hakupendezwa na hukumu hiyo. Hata hivyo alikwenda Paris mwaka uliofuata, akaketi darasani miaka mingi, akapewa upadre mwaka 1537. Na kitabu chake kilithibitishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Basi cheti si upuzi wa makarani. Watu wana haki ya kujua kwamba anayewashika mkono gizani amefundishwa njia.

Lakini tazama jinsi mtu huyo huyo, aliyeteswa kwa ajili ya cheti, alivyowaagiza wale watakaoongoza baada yake. Aliwataka watoe mafumbo ya kutafakari kwa maneno machache, ili mwenye mafungo apate mwenyewe utamu wa kugundua. Aliwakataza kumsukuma mtu aweke nadhiri au achague hali fulani ya maisha. Mwongozaji na asimame kama ulimi wa mizani, asiegemee upande, amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake. Tena alisema mwongozaji asitake kuyachungulia mawazo ya siri ya mtu wala dhambi zake, ila ajue tu roho yake inavyovutwa huku na huku. Na papo hapo alitaka mazoezi yapimwe kwa umri, elimu na nguvu za kila mtu. Hapo ndipo penye hiari ya mwongozaji: katika lugha, mifano, nyimbo, saa za kula na urefu wa siku. Mahali pa kumtaja mkulima wa ngano, amtaje mchumaji wa karafuu juu ya mti, nani atamlaumu?

Na ikiwa kitabu chenyewe ndicho kimeamuru kila mtu aseme? Twajibu bila kusita: hapo kisitiiwe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haimruhusu hata mkubwa wa watawa kumshawishi mtawa aliye chini yake amfunulie dhamiri yake; sembuse mlei mwenye cheti cha juma moja. Sheria hiyo hiyo yailinda haki ya kila mtu ya kutunza siri zake. Anayetaka kusema na aseme, anayetaka kunyamaza anyamaze, wala asiulizwe kwa nini, wala asitazamwe kama mtu asiye na imani. Padre afungwa na siri ya Kitubio chini ya adhabu kali kabisa. Mwongozaji hana kifungo hicho. Aliyemsikiliza hana ulinzi ila uaminifu wake tu.

Mipaka ya uaminifu huo nayo itangazwe mwanzoni, kabla mtu hajafumbua kinywa. Ikidhihirika kwamba mtoto anaumizwa, mwongozaji hawezi kukaa kimya. Mtoto huyo hakuomba siri. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na hata isingalikuwapo tungalisema hivyo hivyo.

Iko hatari nyingine ambayo huko Pemba yahitaji jicho kali. Watu husafiri kutoka Bara kwenda kisiwani kutafuta waganga, na Mkristo mwenye dhiki huweza kumwendea mwongozaji wa mafungo kwa moyo ule ule: aambiwe nani amemroga, mume atarudi lini. Mwongozaji apendaye heshima ataona tamu. Ataanza kusema kwamba amefunuliwa jambo juu ya fulani, na watu watatetemeka. Hayo hayamo katika kitabu chochote chenye kibali, na hapa ugumu wa kitabu ni rehema, kwa kuwa humnyima mtu nafasi ya kujifanya mwaguzi. Majirani zetu Waislamu hukaa itikafu msikitini siku za mwisho za Ramadhani, kila mtu na Mola wake. Nao Waquaker, waliojenga misheni yao Banani mwishoni mwa karne ya 19, walizoea kusali kwa kukaa kimya pamoja. Kisiwa hiki kimekwisha kuona kwamba Mungu hahitaji mpiga ramli.

Juu ya fedha na nakala hatusemi mengi. Kitabu cha mtu kisitolewe nakala kwa siri kwa kisingizio cha kazi ya Mungu. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 2003, na amri ya saba ni ya zamani kuliko hiyo. Kama ada inawashinda, parokia iwaandikie watungaji waziwazi na kuomba. Asiye na kitu asirudishwe mlangoni.

Zabaki karatasi. Katika mafungo mengi watu huambiwa waandike: barua kwa marehemu, barua kwa mwenzi, orodha ya machungu. Mwongozaji asizikusanye, hata akisema anazitunza kwa sala. Kila mtu aondoke na yake, au ziteketezwe zote mbele ya wenyewe, jivu limwagwe, kabla ya gari la kwanza kuelekea Chake Chake.